Redio isiyokula betri: mwongozo wa kuiunda kwa vitu chakavu ukiwa Mtwara au Lindi

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliunda redio yake ya kwanza wakati wa likizo ya mwezi wa Sita, hapa Mikindani, kwa kufuata mchoro aliouona kwenye simu. Koili aliisuka vizuri kuliko ambavyo ningeisuka mimi, na dayodi alibadilisha mara tatu. Redio ikakaa kimya wiki mbili. "Mjomba, hiki kitu ni uongo," akaniambia. Nilipokwenda kutazama, nikakuta antena ni waya wa mita mbili uliofungwa kwenye komeo la dirisha, waya wa ardhini umefungwa kwenye msumari uliopigwa sakafuni kwenye saruji, na masikioni kachomeka spika za simu. Kwenye kibao chenyewe hapakuwa na kosa hata moja. Lakini kwa hali ile hakuna redio ya aina hii ambayo ingelia.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nje ya nyumba. Redio ya kristali haina betri wala haichomekwi ukutani. Nguvu inayotikisa spika sikioni mwako ni ileile iliyotoka mnarani, ikasafiri hewani na kunaswa na waya wako. Redio ya kawaida ikipata kidogo hukikuza. Hii haina cha kukuzia. Ukipoteza njiani, umepoteza. Kwa hiyo waya wa juu, chuma cha ardhini na kitu cha kusikilizia ndivyo redio yenyewe. Hivyo vingine vya katikati, ambavyo watu hubishana usiku kucha, vina nafasi kubwa ya kukusamehe.

Sikiliza hewa kabla ya kukata waya

Redio hii hupokea matangazo ya AM, yaani masafa ya kati na masafa mafupi. Haipokei FM, labda uwe umekaa karibu kabisa na mnara. Na siku hizi stesheni nyingi zimehamia FM, kwa hiyo usianze kusuka kitu kabla hujajua kilichobaki hewani kwenu.

Azima redio ya kawaida yenye mkanda wa AM au MW, toka nayo uani mbali na taa na chaja za simu, na uzungushe kitafutio taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo saa sita mchana, kisha rudia saa tatu usiku. Andika kila sauti unayoipata: lugha, mahali mshale ulipo, na kama ina nguvu au inanong'ona. Kinachosikika kwa nguvu mchana, redio yako ya kristali ina nafasi nzuri ya kukipata. Kinachosikika usiku tu kitahitaji antena ndefu na subira. Usipopata chochote kwenye masafa ya kati, usikate tamaa: pima masafa mafupi vilevile, maana nitaeleza koili yake mbele.

Tofauti ya mchana na usiku ina sababu. Mchana jua huamsha tabaka la chini la anga linalomeza masafa ya kati, kwa hiyo unabaki na mawimbi yanayotambaa ardhini tu. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda juu zaidi, hugonga tabaka jingine na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Hapo ndipo watu wa Mtwara hupata Kireno cha ng'ambo ya Ruvuma kikiingia kwa mawimbi mawimbi, kinapanda na kushuka kama kidau baharini.

Sisi wa pwani tuna bahati nyingine. Masafa ya kati hutambaa mbali sana juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu, kwa sababu bahari hupitisha umeme vizuri. Aliye Msimbati, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, mwenye bahari wazi kati yake na mnara, ameshasaidiwa nusu ya kazi. Aliye Newala au Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde, ana urefu wa mahali lakini ana udongo mkavu. Yeye nitamrudia.

Waya wa juu

Tafuta waya wa mita 20 hadi 30. Waya wowote wa shaba utafaa, wenye plastiki au usio nayo: nyaya za simu za zamani, waya wa ndani ya kebo ya kompyuta, hata waya wa mota ulionyooshwa ilmradi si mwembamba mno wa kukatwa na upepo. Ukiwa na vipande, viunge kwa kusuka ncha zilizokwanguliwa hadi shaba ing'ae. Kiungo kichafu hakionekani kwa macho ila redio inakiona.

Upandishe juu kadiri uwezavyo, mita sita na kuendelea, na usiuache uguse kitu: si bati, si tawi, si ukuta. Kila ncha ifungie kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Mimi hukata shingo za chupa za maji, natoboa matundu mawili, waya unapita tundu moja na kamba ya manila tundu la pili. Ukiwa na mikorosho mirefu miwili uani, kazi imekwisha. Mwanzi mrefu uliofungwa kwenye nguzo ya banda nao ni mzuri.

Mnazi unavutia kwa urefu wake, na wengi watakimbilia huko. Lakini sote tumeiona minazi iliyobaki magogo bila kichwa baada ya masika. Radi hutafuta kilicho kirefu, na wewe unataka kuishusha hadi sikioni! Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likianza kunguruma hata kwa mbali, vua waya wa antena kwenye redio, uunge moja kwa moja na chuma cha ardhini huko nje, na uiache hivyo. Nje ya msimu pia ivue kila unapomaliza kusikiliza. Na antena isipite juu, chini wala kando ya nyaya za TANESCO kwa umbali ambao ikikatika inaweza kuzigusa. Katika hilo sina mjadala.

Chuma cha ardhini

Mafundi wengi wanaojaribu kazi hii hulipuuza. Bila ardhi nzuri, antena ya mita 30 ni kamba ya kuanikia nguo.

Unahitaji nondo au bomba la chuma la mita moja hadi moja na nusu. Likwangue kutu, lipigilie mahali penye unyevunyevu daima: nyuma ya bafu, panapomwagwa maji ya vyombo, chini ya mgomba. Funga waya mnene kwa kubana na skrubu au kilemba cha waya kilichokazwa kwa plaizi. Mikindani na maeneo ya karibu na bahari, ambako ukichimba kidogo unakuta maji ya munyu, nondo moja inatosha.

Juu uwandani ni habari nyingine. Udongo ni kichanga, mvua ikinyesha inazama, na maji yako chini sana. Chimba shimo la nusu mita, weka mkaa uliopondwa, mimina ndoo ya maji yenye chumvi ya kupikia, kisha pigilia nondo katikati. Ongeza nondo ya pili na ya tatu kwa umbali wa mita moja moja na uziunge zote. Kama bado ni dhaifu, tandaza waya mwingine wa mita 20 chini ya antena, sentimita chache kutoka ardhini, uutumie badala ya nondo au pamoja nazo. Usitumie waya wa ardhini wa umeme wa nyumba. Hujui nani aliufunga wala umeishia wapi.

Kitu cha kusikilizia

Hapa ndipo redio nyingi hufia. Spika za masikioni za simu zina ukinzani wa ohmu 32 hivi. Ukiziunga moja kwa moja, ni sawa na kumimina kikombe cha maji kwenye mfereji na kutarajia kinu kizunguke. Redio hii inataka kisikilizio cha ohmu elfu kadhaa na zaidi.

Dawa ninayoipenda ni transfoma. Tafuta adapta ya zamani, zile nzito kama jiwe zilizokuwa zikitumika kwa redio kaseti. Hizi nyepesi za simu hazifai, ndani yake hamna transfoma ya aina hiyo. Kata kabisa plagi yake ili asitokee mtu wa kuichomeka, pasua ganda, toa transfoma na uondoe dayodi na kapasita zilizoshikana nayo. Utabaki na nyaya za pande mbili. Pima kwa mita ya umeme: upande unaoonyesha ohmu mamia au zaidi ndio ule wa volti 220, na upande wa ohmu chache ndio wa volti 6, 9 au 12. Upande wa 220 utatazama dayodi. Upande mdogo utatazama spika. Transfoma ya 220 kwa 6 huzifanya zile ohmu 32 zionekane kama elfu 40 na ushee. Ya 12 huzifanya kama elfu 10. Zote zitafanya kazi.

Kwenye plagi ya spika, ziunge za kulia na kushoto zifuatane: gusa ncha ya kwanza na pete ya pili tu, ile ya chini kabisa uiache. Sauti itasikika masikio yote mawili na ukinzani unapanda maradufu.

Jaribu kabla ya kwenda mbele. Vaa spika, kisha gusisha betri moja ya tochi kwenye nyaya za upande wa 220, ukigusa na kuachia. Utasikia mlio mkali, "tak". Shika nyaya kwenye plastiki yake, maana ukiachia betri transfoma hurusha umeme kidogo wa kushtua vidole. Usiposikia kitu, usiendelee; kosa liko hapahapa.

Njia ya pili ni kile kisahani chembamba cha shaba chenye duara jeupe, kinachopatikana kwenye saa za mezani zenye kengele na wanasesere wanaoimba. Kibandike kwenye kifuniko cha kopo ili sauti ipate nafasi. Kwa kuwa hakipitishi umeme mnyoofu, lazima ukiwekee rezista ya kiloohmu 47 hadi 100 sambamba nacho, la sivyo sauti itakwama au itakoroma.

Dayodi

Kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja ili sauti itenganishwe na wimbi lililoibeba. Inayotakiwa ni ya jerumani, ile metali ya nusukipitishi iliyopewa jina la nchi ya Ujerumani, kwa sababu huanza kupitisha kwenye sehemu ya volti 0.2 hadi 0.3. Dayodi za silikoni zilizojaa kwenye vifaa vya sasa husubiri hadi 0.6 hivi, na mawimbi mengi hayafiki huko.

Zimo kwenye redio za transista za zamani, zile za National na Philips ambazo wazee wetu walizifunika kitambaa cha kufuma. Tafuta kichupa kidogo cha kioo chenye mstari upande mmoja, karibu na vikopo vya mraba vya chuma, kimeandikwa OA90, OA91, AA119, 1N60 au 1N34. Weka mita kwenye alama ya dayodi: ikisoma kati ya 200 na 350 ndiyo hiyo, ikisoma 500 hadi 700 ni silikoni. Ukiitoa, ishike mguu kwa plaizi wakati unayeyusha risasi, maana joto huiua upesi. Ukikosa dayodi lakini ukapata transista kama AC128, tumia miguu yake miwili, besi na emita, itafanya kazi ileile. Na kama redio ya kale haipatikani, fungua chaja mbovu utafute 1N5819. Si nzuri kama jerumani, ila kwa stesheni yenye nguvu inatosha.

Koili

Waya wa shaba wenye vanishi uko kwa fundi anayesuka mota, au kuwainda kama wanavyosema wenyewe. Omba mabaki ya feni mbovu. Unene wa milimita 0.4 ndio nitakaouhesabia, urefu mita 17.

Chukua kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha nje cha sentimita 5, urefu sentimita 10. Toboa matundu mawili karibu na mwanzo, pitisha waya, acha mkia wa sentimita 15. Suka mizunguko 100, mmoja ukigusana na mwenzake bila kupandana. Fanya kazi hii ukiwa umekaa na hujagombana na mtu. Kwenye mzunguko wa 20, wa 40 na wa 60, kunja kijisikio kidogo cha waya, ukisokote, uendelee bila kukata. Mwisho toboa tena, acha mkia. Kwangua vanishi kwa msasa kwenye mikia na vijisikio vyote hadi shaba iwe nyekundu pande zote. Huko nako watu wengi huacha utando mwembamba wakadhani wamekwangua.

Ukiwa na karatasi ya katikati ya toilet pepa yenye kipenyo cha sentimita 4, suka mizunguko 125 badala ya 100.

Kapasita ya kutafutia stesheni, ile iliyofungwa kwenye kitufe cha redio, itoke kwenye redio yoyote mbovu yenye AM. Ina miguu kadhaa. Wa katikati ni wa pamoja. Iwapo ina sehemu mbili za AM, unga miguu yao pamoja ili upate uwezo wote. Ukikuta stesheni haisogei hata ukizungusha mwisho hadi mwisho, umeshika miguu ya FM, hamia mingine.

Kuunganisha

Pigilia skrubu kwenye ubao, na kila kiungo kikazwe kwenye skrubu. Anayeweza kulehemu alehemu, kisha anawe mikono kabla ya kula.

Mkia wa mwanzo wa koili, ule ulio karibu na mzunguko wa 20, unakwenda kwenye chuma cha ardhini. Mkia wa mwisho ndio kichwa cha koili. Kapasita inakaa kati ya kichwa na ardhi. Dayodi inatoka kichwani kwenda kwenye waya mmoja wa upande wa 220 wa transfoma. Waya wa pili wa upande huo unarudi ardhini. Mstari wa dayodi utazame upande wowote, sauti ni ileile. Spika upande mdogo. Antena anza nayo kwenye kijisikio cha 40, kwa kibanio, ili uweze kuihamisha. Ukiiweka juu, sauti inakua ila stesheni zinaingiliana. Ukiishusha, zinatengana ila zinapungua nguvu.

Keti mahali pa kimya, zungusha polepole sana. Sauti ya kwanza huwa ndogo kuliko ulivyotegemea. Ikiwa kimya kabisa, gusa antena na kuachia: mkwaruzo mdogo ukisikika, transfoma na dayodi ni wazima, rudi kwenye ardhi na masafa. Usiposikia hata mkwaruzo, rudia jaribio la betri, kisha kwangua upya kila kiungo.

Wembe na penseli

Mwaka 1944, kule Anzio nchini Italia, askari waliokuwa kwenye mahandaki walikosa dayodi, wakatumia wembe. Nawe unaweza. Choma wembe kwenye mkaa hadi ugeuke samawati, uache upoe, uupigilie ubaoni na uunge na kichwa cha koili. Chukua pini ya kubania nguo, chomeka kwenye ncha yake kipande cha risasi ya penseli kilichochongwa, na uunge pini na transfoma. Risasi iguse wembe kwa wepesi kama nzi aliyetua, ukihamisha hamisha hadi upate mahali penye sauti. Mtu akifunga mlango, unaanza upya.

Wazee wa fani hii walitumia jiwe la galena, ambalo ni risasi iliyoungana na salfa. Jagadish Chandra Bose wa India alipewa hataza ya kutumia galena Marekani mwaka 1904. Najua mnachofikiria. Salfa ya kupulizia mikorosho ipo stoo, risasi za nyavu zipo, tuyeyushe. Hapana. Moshi wake huchoma mapafu na mvuke wa risasi hukaa mwilini. Wembe unatosha.

Koili ya masafa mafupi

Kwa aliyekuta masafa ya kati matupu: bomba lilelile la sentimita 5, mizunguko 8 tu, iliyoachana hadi ijaze upana wa sentimita 2. Pamoja na kapasita ileile itakupa takribani megahezi 5.5 hadi 15. Antena usiiunge kabisa na koili hii. Suka mizunguko mitatu ya waya wenye plastiki juu yake, ncha moja kwa antena na nyingine kwa ardhi. Hapa kitufe ni chepesi mno, unywele mmoja wa kuzungusha unaruka stesheni tatu, hivyo bandika kijiti cha urefu wa sentimita 15 kwenye kitufe kiwe mpini. Sikiliza kuanzia magharibi.

Redio ya mpwa wangu tuliinyanyulia waya kati ya mwembe na mwanzi, nondo tukaipigilia nyuma ya bafu, transfoma ikatoka kwenye adapta ya kaseti ya marehemu babu yake. Koili na dayodi ni zilezile za mwanzo. Saa tatu na robo usiku akaacha kuzungusha, akainua mkono tunyamaze. Bibi yake akaomba spika moja, akaiweka sikioni, akakaa nayo kitambo. "Mwanamke," akasema. "Anasoma bei za samaki au anaomba dua, sijui. Ila anaongea."